Chumvi Niliyoinyamazia Likoni

Kabla sijawafundisha lolote juu ya rangi, wanangu, naomba mnijue vizuri: mimi ni mtu wa kijicho. Sisemi kijicho kile kidogo cha kumwonea jirani viatu vipya. Mimi nikiona mwenzangu katiliwa chai ikajaa kikombe kuliko yangu, chai yangu inaharibika hapo hapo. Mke wangu, Mama Rukia, amenipa nasaha miaka na miaka mpaka amechoka. Kwa hivyo mkisoma haya mkaona namsema mtu, punguzeni nusu.

Nimepuliza rangi kwa zaidi ya miaka thelathini. Nilianza na nyumba za watu Junda na Kisauni, milango, mageti, makabati ya jikoni, nikaishia kwenye magodauni ya Changamwe na Likoni. Nyinyi mnaoshika kazi hii sasa mnapenda kuniuliza, "Mzee Saidi, ulitokaje kwenye mageti ukafika kwenye magodauni?" Nami huwajibu kwamba ni bidii na Mungu. Bidii ilikuwepo, na Mungu yupo. Lakini kazi yangu kubwa ya kwanza niliipata kwa kunyamaza mahali nilipotakiwa kusema, na aliyeumia ni rafiki yangu Kyalo. Leo naisema yote, maana nimekwisha kumwambia yeye mwenyewe, na hakuna tena wa kumficha.

Mimi na Kyalo tulifunzwa na mtu mmoja, Fundi Mbarak wa Ziwa la Ng'ombe. Mimi ni mwenyeji wa Kisauni, kitovu changu kimezikwa hapa hapa. Kyalo alishuka kutoka Ukambani, akapanga chumba Mikindani, akaja kuomba kazi akiwa amevaa sweta katika jua la saa saba. Sweta! Nilicheka mpaka nikamwaga thina ya kulainishia rangi. Siku ya tatu Fundi akampa bunduki ya rangi ajaribu kwenye ubao mkuukuu, na kicheko changu kikakatika. Mkono wake ulikwenda kama mtu anayepiga pasi, hausiti mwanzoni, hauzubai mwishoni. Nilikuwa na mwaka mzima pale, na milango yangu bado ilikuwa inalia, rangi inateremka michirizi mpaka chini. Siku ile naikumbuka vizuri kuliko siku ya harusi yangu.

Hiyo michirizi, kwa faida yenu, inatokana na mambo mawili. Ama umesogea karibu mno, ama mkono wako umesimama huku kidole bado kimebana. Kaa mbali kiasi cha shibiri moja na vidole vitatu. Anza kutembeza mkono kabla hujabana, na uachie kabla hujafika mwisho. Kila mstari ufunike nusu ya ule uliotangulia. Mimi ilinichukua miaka miwili kuyajua hayo. Kyalo alizaliwa nayo, na wallahi hilo lilinikera.

Kitu kimoja tu nilimshinda, nacho ni ulimi.

Huku kwetu pwani chuma hakikosi chumvi. Upepo wa kusi unaileta, inatua juu ya bati na juu ya geti, huioni kwa macho. Ukipuliza rangi juu yake, kazi inang'aa, mwenye nyumba anakusifu, nawe unakwenda zako. Haichukui muda, rangi inafura malengelenge, na ukitia ukucha inabanduka vipande vipande na kutu iko chini inakungoja. Basi Fundi Mbarak alikuwa na desturi yake. Chuma kikishaoshwa kwa maji baridi na kukauka, asubuhi ile ile ya kupuliza, mtu mmoja anapita akikipangusa kwa kidole, kisha anakiramba kidole. Kyalo hakuiweza kazi hiyo. Jasho lilimtoka mpaka kwenye kucha, kila alichokionja kwake kilikuwa chumvi. Angeachiwa yeye, tungekuwa tunaosha geti moja mpaka leo.

"Mkono n'wa Kyalo, ulimi n'wa Saidi," Fundi akasema. "Kila mtu na chake. Wasikia, Saidi? Ukikuta chumvi, sema 'chumvi' kwa sauti, watu wote wasimame. Ukikuta safi, nyamaa, pita zako. Sitaki domo kazini."

Hiyo ndiyo iliyokuwa sheria yetu. Nikisema, kazi inasimama. Nikinyamaza, kompresa ya kusukuma rangi inawashwa. Kimya changu ndicho kilichokuwa ruhusa, na tuliishi hivyo miaka sita bila geti hata moja kufura. (Nyinyi msirambe kitu! Rangi za zamani zilikuwa na madini ya risasi, na sijui nimemeza kiasi gani. Leo kuna karatasi na vidude vya kupimia chumvi. Vitumieni, mniachie mimi ulimi wangu.)

Fundi Mbarak alipochoka, alituita nyumbani kwake baada ya sala ya Ijumaa. Alikuwa na bunduki moja ya rangi aliyoitunza kuliko meno yake, mdomo wake wa shaba, mpini umelika mahali pa vidole. Wanafunzi wake wote tulikuwa tukiitazama vile watoto wanavyotazama kaimati. Niliketi wa kwanza, karibu naye. Nilikuwa nimemtangulia Kyalo kazini, nilikuwa mwenyeji, na ndiye niliyekuwa nikimpelekea Fundi futari kila Ramadhani. Alimpa Kyalo.

"Hii yataka mkono," akasema. Kisha akanigeukia, akaniombea dua ndefu sana. Mimi dua niliipokea, amina, lakini bunduki ndiyo niliyoitaka. Ulimi haurithishwi kitu.

Tukaachana, kila mtu na njia yake. Mimi nikabaki na majumba. Msiwadharau wenye majumba, ndio waliotulisha. Lakini ni kazi yenye vituko. Mwenye nyumba anachagua rangi ya maziwa, ukimaliza anasema alitaka rangi ya malai. Mama wa nyumba anakaa kwenye kiti nyuma yako kutwa nzima akikuonyesha mahali ulipoparuka. Na upepo haukuachi. Niliwahi kupuliza geti la waridi pale Ziwa la Ng'ombe siku moja kabla ya Idi. Nilifunika gari, nikafunika maua, nikafunika hata kibanda cha kuku. Sikutazama ng'ambo ya ukuta. Jirani alikuwa ameanika kanzu yake nyeupe ya kuswalia Idi, na upepo ukaichukua rangi yangu ukampelekea. Kesho yake mtu mzima alikwenda msikitini ana vidoa vya waridi mgongoni, na kila aliyemuuliza alielekezwa kwangu. Tangu siku hiyo, kabla sijafungua kopo, nazunguka kwa majirani wote nikipiga hodi na kuuliza nani kaanika.

Wakati mimi naomba radhi kwa kanzu, Kyalo alikuwa anapanda. Alianza na duka, likaja ghala la mbao Changamwe, kisha karakana. Akanunua kompresa ya magurudumu. Akanunua lori. Akawavalisha watu wake ovaroli za buluu zenye jina lake mgongoni. Ningeweza kuvumilia lori. Zile ovaroli ndizo zilizoniua.

"Kyalo amependeza," Mama Rukia akasema siku moja tulipompita pale Kengeleni, naye amesimama na watu wake kama mwenye mji. "Amependeza wapi?" nikamjibu. "Ovaroli buluu kwa mtu mwenye jasho kama lile?" Siku mbili sikula vizuri, na nilimwambia ni tumbo.

Nilijaribu na mimi kupata magodauni. Nilivaa shati la kupiga pasi nikapita geti baada ya geti, Changamwe yote. Walinzi waliniuliza nimeshafanya godauni gani, nikawatajia nyumba ya bibi mmoja wa Junda yenye vyumba vinane. Walinicheka, nami nikajua kosa si lao. Mwenye godauni hataki kusikia mlango wako unavyong'aa. Anataka kujua kama umeshafanya kazi kama yake, na ili uifanye ni lazima mmoja akuamini kwanza. Mimi sikuwa na wa kuniamini. Kyalo alikuwa nao watano.

Ndipo likaja godauni la Likoni.

Nilisikia amelipata. Lilikuwa la kuwekea magunia ya mchele, refu, na ukuta wake mmoja wa mabati ulitazama baharini bila hata mti wa kuukinga. Kazi kubwa kuliko zote alizowahi kupata. Jumatatu asubuhi nikamwambia Mama Rukia nakwenda kuwajulia hali wakwe zangu Likoni. Alishangaa, maana si kawaida yangu, akanifungia na mkate wa sinia niwapelekee. Nikavuka feri na mkate wangu mapajani, na wivu wangu moyoni.

Kyalo aliponiona alinijia mbio, mikono imefunguka.

"Saidi! Wewe ni mtu wa maana sana. Umekuja kuona kazi?"

"Napita tu, nawaendea wakwe."

"Kaa kidogo, ndugu yangu. Tulimaliza kuosha Jumamosi, jana nikapeleka familia kanisa. Saa hii tunaanza."

Jumamosi ameosha, Jumapili amesali, Jumatatu anapuliza. Na ilikuwa miezi ya kusi. Siku mbili zinaitosha chumvi kurudi. Meneja wa godauni akamwita, wakasimama pembeni wakizungumza, naye akanipa mgongo, au mimi nilidhani amenipa mgongo. Nikatembea polepole kando ya ule ukuta wa baharini. Nikapangusa bati kwa kidole. Nikaramba.

Ilikuwa chumvi tupu. Sikuhitaji kuonja mara mbili.

Mdomo niliufungua, hilo naapa. Neno lilikuwa liko kwenye meno. Lakini nikamtazama Kyalo, nikaona kiunoni kwake inaning'inia bunduki ya Fundi Mbarak. Aliitumia kwenye pembe ndogo ndogo. Mdomo wake wa shaba ulikuwa unawaka kwa jua. Nikaufunga mdomo wangu, nikameza mate pamoja na ile chumvi, nikapita zangu mpaka mwisho wa ukuta. Nikampungia mkono. Kabla sijafika barabarani nikasikia kompresa inawashwa nyuma yangu.

Sikusahau. Sikuwa na shaka. Nilinyamaza kwa wivu, basi. Kwenye feri ya kurudi nilijitungia maneno mengi: yeye ndiye fundi mwenye kazi, kwa nini asipime mwenyewe, mimi nimeajiriwa kuonja? Mkate wa sinia niliurudisha nyumbani mzima, na Mama Rukia akauliza kama wakwe wamehama.

Haikufika miezi mitatu ukuta ukafura. Walionipa habari walisema malengelenge yalikuwa makubwa kama maandazi, na meneja alikuwa akipita na ukucha wake akiyabandua mbele ya Kyalo, moja moja. Wenye magodauni wanajuana. Wale watano waliomwamini wakawa watatu, kisha mmoja, kisha hakuna. Lori likauzwa. Nilidhani nitafurahi. Nilifurahi siku moja, tena si siku nzima.

Wiki chache baadaye simu yangu ikalia. Alikuwa yule meneja.

"Namba yako tumepewa na Kyalo mwenyewe," akasema. "Anasema kuta za baharini unazijua wewe. Utakuja kutazama?"

Wanangu, hivyo ndivyo nilivyoingia kwenye magodauni. Kuna mtu alinishika mkono akanivusha, na ni yule yule niliyemwacha azame.

Niliukwangua ule ukuta wote kwa brashi ya waya, nikauosha, nikauonja, nikauosha tena asubuhi ya kupuliza, na ulikaa miaka. Lakini msidhani ulimi peke yake ulinitosha. Siku ya kwanza meneja aliniuliza, "Mpango wako wa kazi uko wapi?" Nikamwonyesha kichwa changu. Hakucheka. Akanirudisha nyumbani nikauandike: siku ya kuosha, siku ya praima, ile rangi ya msingi, siku ya rangi yenyewe, nani atapanda juu na amejifunga kamba gani, magunia yatahamishwa na nani na yatafunikwa kwa nini. Mama Rukia ndiye aliyeniandikia, hati yake ni nzuri. Tangu hapo sikuingia mahali bila karatasi.

Kwenye nyumba mnauza rangi. Mwenye godauni mnamuuzia utulivu: kwamba mchele wake hautanuka thina, kwamba malori yake yatapakia kama kawaida, kwamba mkisema Alhamisi ni Alhamisi. Fanyeni kazi upande mmoja baada ya mwingine, siku wanayofunga, na msiahidi ukuta mzima kwa pupa. Mpulizieni kipande kidogo kwanza, kikae, akione, akubali kwa maandishi. Mkitoka kwenye bunduki ya kompresa mkaingia kwenye mashine hizi za sasa zinazosukuma rangi bila hewa, jifunzeni kwanza kwenye ukuta wenu wenyewe. Ile mashine ina nguvu, ikikupiga kidoleni rangi inaingia chini ya ngozi, na hospitali ndipo utakapolala. Na gari la meneja lifunikeni kabla ya yote, hata kama liko mbali. Kumbukeni kanzu yangu.

Kazi zilipozidi, nikamtafuta Kyalo. Kwa watu nilisema namsaidia. Ukweli ni kwamba nilitaka aniite bosi. Alikuja asubuhi moja na bunduki yake imefungwa kwenye kitambaa, akasimama mbele yangu, akacheka, akasema, "Haya, bosi, niko tayari." Alisema bila kinyongo hata chembe, na neno lile nililolingoja kwa hamu likawa halina utamu wowote. Na wivu haukwisha! Wateja wangu walikuwa wakisimama kumtazama, wanamwacha mimi mwenye kampuni nimeshika karatasi, wanauliza, "Yule mwenye mkono ule ni nani?"

Tukafanya kazi pamoja miaka kumi na zaidi, ulimi na mkono kama zamani. Isipokuwa mimi niliibadilisha sheria ya Fundi. Nikionja nikakuta safi, sikunyamaza tena. Nilisema kwa sauti, "Safi!" mpaka wafanyakazi wakaniita Mzee Safi. Kyalo hakuwahi kucheka katika hilo. Alikuwa akinitazama kidogo, kisha anawasha kompresa.

Tumestaafu sote. Mwaka huu aliniita kwake Mikindani. Mikono yake inatetemeka sasa, hata kikombe anakishika kwa yote miwili. Mkewe yuko Ukambani, anaangalia shamba. Alinipa chai, akaingia chumbani, akatoka na kifurushi cha leso, akaniwekea mapajani.

"Chukua," akasema. "Mimi siwezi kuishika tena. Nimefikiria, sioni mwingine wa kumpa."

Nikaifungua. Mdomo wa shaba, mpini ulioliwa na vidole vya Fundi Mbarak, na juu yake vidole vya Kyalo. Kitu nilichokililia maisha yangu yote kilikuwa mikononi mwangu, kizito kuliko nilivyodhani. Ningeinuka niseme asante, niende. Nyumbani hata mahali pa kuitundika palikuwepo, nilipachagua tangu ujana. Nikashindwa.

"Kyalo," nikamwambia, "lile godauni la Likoni. Ile asubuhi nilionja. Ilikuwa chumvi."

Hakushtuka. Aliweka kikombe chini, taratibu, kisimwagike.

"Najua ulionja. Nilikuona. Nilikuwa naongea na meneja, lakini macho yangu yalikuwa kwako tu. Mimi hata sikuwa nimepima, unajua vidole vyangu. Nilivyokuona pale kwa geti nikasema, Mungu ameniletea Saidi. Ukaramba, ukanyamaza, ukapita. Nikawaambia vijana, washeni, ni safi."

Miaka yote nilijiambia kwamba nilimwacha tu afanye kosa lake. Kumbe nilikuwa nimemjibu.

"Ilipofura," akaendelea, "watu waliniambia labda Saidi alikuwekea roho mbaya. Nikawaambia, hapana, ulimi wake ulikosea, hata ulimi hukosea. Ndiyo nikampa meneja namba yako. Ndiyo nikaja kufanya kazi kwako. Miaka yote hiyo, Saidi, mimi nimeshikilia kwamba ni ulimi."

"Haukukosea," nikasema.

"Eeh. Sasa nimejua."

Akanyoosha mikono yake inayotetemeka, akaichukua ile bunduki mapajani mwangu. Akaifunga kwenye leso, akakosa fundo mara mbili, sikuthubutu kumsaidia. Akaiweka juu ya kabati. Kisha akarudi kuketi.

"Kunywa chai, inapoa," akasema.

Nilikunywa. Nilirudi Kisauni nikamweleza Mama Rukia yote, pamoja na mkate wa sinia, na yeye hakulala na mimi chumba kimoja siku nne. Ijumaa iliyofuata nikarudi Mikindani bila kuitwa. Nilidhani atanifungia mlango. Aliufungua, akaniacha nikae. Nimekuwa nikienda kila Ijumaa baada ya sala, na bunduki iko pale pale juu ya kabati, naiona kila ninapoinua kikombe. Sitawadanganya, bado naionea wivu. Sijaiomba na sitaiomba. Ila wivu unaonikereketa zaidi sasa ni mwingine: namwonea Kyalo ule moyo wake, kwamba aliweza kumdhania mtu kama mimi vizuri kwa muda mrefu hivyo. Huo hata angetaka kunipa usingenienea.

Ijumaa iliyopita nilimkuta jikoni anapika muthokoi, yale mahindi yao ya kukobolewa na maharagwe. Alikuwa ameketi kwenye kigoda, sufuria mbele yake. Akachota kidogo kwa mwiko, akaupuliza upoe, akaninyooshea. Mwiko hautoi jasho, na ulimi wake ni mzima, angeweza kuonja mwenyewe.

"Onja chumvi," akasema.

Nikaonja. Alikuwa ananitazama usoni, hapepesi.

"Imezidi," nikasema, kwa sauti, jikoni kote.

"Kidogo ama sana?"

"Sana, Kyalo."

Akachukua jagi, akaongeza maji, akakoroga. Kisha akaniambia nishushe sahani mbili.